Edward Saidi Tingatinga: Falsafa ya Ubao na Rangi za Baiskeli

Katika mitaa ya Riruta Satellite na Kawangware jijini Nairobi, ng'ombe aliyechorwa ukutani hutangaza bucha, na kichwa kilichonyolewa vizuri humwelekeza mpita njia kwa kinyozi. Wachoraji wa mabango hayo ni nadra kuitwa wasanii. Ilhali mmoja wa wachoraji mashuhuri zaidi wa Afrika Mashariki alitoka miongoni mwa watu wa kibarua kama hao, akatumia vifaa vya dukani kama wao. Huyo ni Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanganyika, katika familia ya wakulima. Alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi. Kama vijana wengi wa kusini, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alitunza bustani ya afisa mmoja Mwingereza. Baada ya uhuru wa 1961 kazi hiyo ilikoma, naye akawa mtu wa kubangaiza.

Alianza kuchora mwaka wa 1968, tayari akiwa mtu mzima. Wakati huo picha za wachoraji kutoka Kongo zilikuwa zikiuzwa jijini, na inasimuliwa kuwa ndizo zilizomtia hamu ya kujaribu. Hakuwa na turubai wala rangi za kisanii. Alichukua ubao mwembamba wa dari, akaukata mraba wa takribani sentimita 60 kila upande, akaupaka rangi za baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mtaa uliokaliwa na wageni wengi.

Tingatinga hakuacha maandishi kuhusu sanaa yake. Falsafa yake husomwa katika mbao zenyewe. Kwanza, aliamini katika uchache. Mnyama au ndege mmoja hutawala mraba mzima, usuli huwa wa rangi moja, na tawi moja hutosha kuwakilisha msitu. Pili, aligeuza upungufu wa vifaa kuwa kanuni. Badala ya kuiga vivuli vya picha za kizungu, aliziweka rangi zake kavukavu bega kwa bega, akazitenganisha kwa mistari na madoa, hata mchoro ukasomeka kutoka mbali kama bango. Tatu, hakuuficha ujuzi. Aliwafundisha jamaa na watu wa kwao, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata.

Wapo wahakiki walioibeza sanaa hii kuwa ni ya watalii. Ni kweli kuwa aliwauzia wageni, kwani alihitaji kula. Hata hivyo, soko lilimpa wanunuzi tu. Jicho la kuchagua kipi kichorwe na kipi kiachwe lilikuwa lake mwenyewe.

Mwaka wa 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi za polisi, waliolidhania gari alilokuwamo usiku huo kuwa la wezi. Alikuwa amechora kwa takribani miaka minne tu. Kama angekuwa amejifungia na ujuzi wake, ungezikwa pamoja naye. Badala yake wanafunzi wake waliendelea kuchora. Mpata aliufikisha mtindo huo Nairobi kabla ya kufariki mwaka wa 1984, na mwaka wa 1990 wachoraji wa Dar es Salaam walisajili chama cha ushirika kwa jina la mwalimu wao.

Leo tingatinga ni nomino ya kawaida, jina la mtindo mzima. Heshima hiyo ina gharama yake: picha nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zimejaa wanyama na mapambo hadi pembeni, na mbao chache alizochora mwenyewe husahaulika. Anayetaka kumwelewa Tingatinga hana budi kurudi kwa mnyama yule mmoja, na kujiuliza ni mangapi mchoraji aliamua kuyaacha.