Kayamba hakupigiwa kura

Kiti cha mbunge wa kitivo chetu kiko wazi tangu wiki ya tatu ya muhula. Aliyekuwa nacho alijiuzulu, uchaguzi mdogo ukapangwa, ukaahirishwa, ukapangwa tena. Katikati ya hayo kikafika kikao cha fedha za mazoezi ya kufundisha, na ofisi moja hapa chuoni ikanipigia simu: njoo, utawawakilisha wenzako. Nikaenda. Nikasema nilichoona ni haki, nikarudi bwenini nimefurahi kweli. Mwenzangu wa chumba akaniuliza jambo moja tu: nani kakutuma?

Sikuwa na jibu, na kusema kweli nilikasirika. Lakini swali lile lilinirudisha kwa mtu ambaye jina lake nimelisikia nyumbani Muheza tangu mdogo, Martin Kayamba, karani wa Tanga aliyekwenda London mwaka 1931 kusema kwa niaba ya Waafrika wa Tanganyika.

Kayamba alikuwa Mbondei, ila alizaliwa Zanzibar, mwaka 1891. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwalimu wa misheni ya UMCA, mmoja wa Waafrika wachache wa pwani hii waliowahi kusoma Uingereza enzi zile. Mtoto akasomeshwa Kiungani, chuo cha misheni hiyohiyo kule Unguja, kisha akaanza kuhangaika na dunia kama kijana yeyote mwenye cheti: ualimu kidogo, ukarani Mombasa, kazi Kenya bara na Uganda. Tusomao ualimu tutamwelewa. Mwandiko mzuri na Kiingereza safi vilikuwa mtaji, na mtaji ule ulilipa zaidi ofisini kuliko darasani.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta upande wa Wajerumani. Kwao mtu wa misheni ya Kiingereza, anayezungumza Kiingereza, alikuwa jasusi mpaka ithibitike vinginevyo. Walimfunga. Alikaa kifungoni mpaka Wabelgiji walipoiteka Tabora, Septemba 1916. Alipotoka, utawala mpya wa Waingereza ulikuwa unatafuta makarani kwa tochi, naye akaajiriwa Tanga. Hapo ndipo alipopanda, hadi akawa karani mkuu wa ofisi ya wilaya.

Sehemu ya maisha yake ninayoipenda ni ya mwaka 1922. Mwaka huo, hapo Tanga mjini, yeye na wenzake walianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali wa Tanganyika, naye akawa rais wake. Tanga ya wakati ule ilikuwa na wasomi wa makundi mawili yaliyotazamana kwa jicho la pembeni. Kulikuwa na waliotoka shule ya serikali ya Wajerumani, wengi wao Waislamu, na kulikuwa na Wakristo wa misheni kama yeye. Chama kile kiliwaweka chumba kimoja, kikawa na mpira, magazeti na masomo. Wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa mtangulizi wa African Association iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na ukiufuata uzi huo unafika TANU. Mimi naangalia jambo dogo zaidi: pale Tanga, Kayamba alikuwa na watu waliokuwa na uwezo wa kumuuliza maswali kila wiki.

Sasa London. Miaka ya 1920 walowezi wa Kenya walikuwa wakisukuma wazo la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe kitu kimoja, kwa matumaini ya wazi kwamba wao ndio watakaoshika usukani. Mwafrika wa Tanganyika alikuwa akisikia habari za ardhi iliyochukuliwa Kenya na za kipande kinachoning'inia shingoni, akajua shirikisho hilo lingemletea nini. Bunge la Uingereza likaunda kamati ya pamoja, wajumbe kutoka Baraza la Malodi na Baraza la Makabwela, isikilize mashahidi. Serikali ya Tanganyika ikachagua Waafrika watatu: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Kayamba wa Tanga.

Ikachagua serikali. Wabondei, Wadigo na Wasegeju hawakuulizwa. Hata baraza la kutunga sheria la Tanganyika, lililoanza mwaka 1926, halikuwa na Mwafrika hata mmoja.

Pamoja na hayo, watatu hao walikaa mbele ya mabwana wale na kulikataa shirikisho, kama walivyolikataa mashahidi Waafrika wa Kenya na Uganda. Kayamba hakuwa mtu wa kupiga meza. Aliupenda utawala wa Waingereza, alivaa suti yake sawasawa, alisema kwa adabu. Lakini alisema hapana. Kamati ilipotoa ripoti mwishoni mwa mwaka, ilishauri muungano huo usifanywe kwa wakati ule. Sidai kwamba ni yeye aliyeuangusha. Pesa ilikuwa imeadimika duniani kote na Waingereza wenyewe walikuwa wamegawanyika. Ila sauti yake ilikuwemo.

Nje ya mlango walikuwepo wengine wawili. Jomo Kenyatta na Parmenas Mockerie walikuwa London mwaka huohuo, wametumwa na chama cha Wakikuyu, yaani na wanachama wenyewe. Kamati haikuwapa nafasi ya kuzungumza. Aliyetumwa na watu akabaki barabarani, aliyetumwa na serikali akapewa kiti. Nilipoiona habari hii mara ya kwanza niliacha kusoma, nikaenda kunywa chai.

Kuna jambo jingine la mwaka 1931 lililonichekesha. Kanada, iliyoanza kama shirikisho mwaka 1867, ilirithi desturi ya Kiingereza kwamba mbunge akiteuliwa kuwa waziri anapoteza kiti chake. Lazima arudi jimboni, uitishwe uchaguzi mdogo, awaombe kura upya watu walewale. Maana yake ni kwamba mkubwa akikupa cheo, waliokutuma wana haki ya kukuangalia tena usoni kabla hujakikalia. Sheria hiyo waliifuta mwaka huohuo wa 1931, wakaona ni usumbufu. Naam, ni usumbufu! Lakini Kayamba alipopandishwa mwaka 1932, akahamishiwa Dar es Salaam katika makao makuu ya serikali, cheo ambacho Mwafrika hakuwahi kukishika, angerudi kwa nani? Hakuwa na jimbo la kupoteza.

Alichofanya ni kuandika. Mwaka huo wa 1932 kikatoka kitabu chake cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Wengine wanakisoma kama habari za msafiri aliyeshangazwa na London. Mimi nakisoma kama ripoti ya mjumbe anayetafuta wapigakura wake baada ya kazi kwisha. Kichwa chenyewe kinasema tulivyofanya. Baadaye aliandika pia habari za maisha yake kwa Kiingereza, zikaingia katika kitabu alichohariri Margery Perham mwaka 1936. Mockerie naye yumo humo humo. Angalau hapo walipewa viti sawa.

Dar es Salaam haikumnenepesha. Alikuwa mbali na chama chake cha Tanga, peke yake kati ya Wazungu. Alistaafu, akafa muda mfupi baadaye, hajatimiza miaka 50. Waafrika wa kwanza waliingia baraza la kutunga sheria mwaka 1945, nao wakiwa wateule. Mmoja wao, Kidaha, ni mtoto wa yule Chifu Makwaia wa safari ya London. Watu wa Tanga walisubiri mpaka Septemba 1958, kwenye uchaguzi ule wa kura tatu, na hata hapo si kila mtu aliruhusiwa kupiga.

Wapo wanaomwita kibaraka. Nimejaribu kukubaliana nao nikashindwa, kwa sababu alipoulizwa alijibu ukweli. Ila nimeshindwa pia kumtetea moja kwa moja. Angesema ndiyo badala ya hapana, Tanga nzima isingekuwa na njia ya kumtoa kwenye kiti kile.

Mwenzangu wa chumba sijamjibu mpaka leo. Uchaguzi mdogo umepangwa tena, safari hii Ijumaa ya wiki ijayo. Fomu nimechukua. Inataka saini 20 za wadhamini, ninazo 11, na ya kwanza kabisa ni ya kwake, kaitia huku anacheka.