Mwana Kupona, Mama Aliyefundisha kwa Utenzi

Ndugu msomaji, wewe unayeishi Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, umesikia habari za shikome. Hapo wazee wa Kisukuma waliota moto jioni pamoja na vijana. Waliwafundisha maisha kwa hadithi na vitendawili. Watu wa pwani nao walikuwa na njia yao. Walifundisha kwa utenzi.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, katika nchi ya Kenya ya leo. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepigana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856.

Baadaye Mwana Kupona aliugua mwaka mzima. Alikuwa na binti, Mwana Hashima, mwenye umri wa miaka 17 hivi. Mama alihofia kufa kabla hajamfunza mwanawe. Basi mwaka 1858 alimwita akae karibu naye, alete wino na karatasi. Akamtungia utenzi wa beti zaidi ya 100.

Alimfundisha dini ya Kiislamu kwa mambo ya nyumbani. Mawaidha yake aliyafananisha na hirizi, na mapambo ya lulu na marijani ambayo wanawake wa pwani waliyajua. Alimwambia ashike dini, awe na adabu na kauli njema, aseme kweli, na awatii wazazi. Alisisitiza pia mke kumtii mumewe. Jambo hili watu wanalijadili mpaka leo.

Mwana Kupona alifariki miaka michache baadaye. Lakini maneno yake hayakupotea, kwa sababu yaliandikwa. Watu waliyanakili kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1934 yakapigwa chapa kitabuni. Walimu bado wanautumia utenzi huo.

Je, wewe? Wazee wako wana nyimbo, methali na hadithi zinazofundisha ukweli, heshima na ukarimu. Mwalimu wa dini anaweza kuzitumia darasani, na watoto wakaelewa upesi. Sasa unajua kuandika. Chukua kalamu na daftari, ukae karibu na mzee wako. Usingoje mpaka augue.

Maswali
1. Kwa nini Mwana Kupona alitunga utenzi?
2. Kwa nini maneno yake hayakupotea?
3. Andika fundisho moja ulilopewa na mzee wako.