Bibi Charlotte Schreiber na Vyombo vya Udongo

Bibi Charlotte alizaliwa mwaka 1812 katika kijiji cha Uffington, nchi ya Lincolnshire, huko Uingereza. Baba yake alikuwa lodi. Akafa binti angali mdogo. Mwaka 1833 binti akaolewa na John Guest, mwenye kiwanda kikubwa cha chuma pale Dowlais, nchi ya Wales. Watu wa cheo waliona amejishusha kwa kuolewa na mfanya biashara. Yeye alijifunza lugha ya Wales, akazifasiri kwa Kiingereza hadithi zao za kale ziitwazo Mabinogion, naye huku akizaa watoto kumi.

Hata mwaka 1852 mumewe akafa, naye akaushika mwenyewe usimamizi wa kiwanda. Mwaka 1855 akaolewa na Charles Schreiber, mwalimu wa mwanawe, kijana kuliko yeye kwa miaka 14. Masengenyo hayakukosekana.

Basi hawa wawili ndio waliozunguka Ulaya wakitafuta vyombo vya kale, wakiingia maduka ya vitu vikuukuu na kupindua kila chombo waione alama ya mfinyanzi. Usiku bibi aliandika alichonunua na bei yake. Vyombo vya Waingereza ni vya namna nyingi. Yako majagi ya kahawia, ubavuni yamebandikwa sura za wawindaji juu ya farasi, na mbwa wakimfukuza sungura au kulungu. Mfinyanzi hutupa chumvi tanuuni moto ukiwa mkali kabisa. Chumvi hugeuka mvuke, ikafanya ngozi ngumu ya kung'aa juu ya udongo. Kwa wengi hivyo vilikuwa vyombo vya kunywea bia tu, wala hawakudhani kwamba vyafaa kutunzwa. Tena viko vya kauri nyembamba vya Chelsea, Bow na Worcester.

Mwaka 1884 Bwana Schreiber akafa mjini Lisbon. Mjane angaliweza kuviuza vyombo vile kwa fedha nyingi, lakini alivitoa vile vya Kiingereza, vipatavyo 1,800, kwa nyumba ya makumbusho ya South Kensington, London, viwe ukumbusho wa mumewe. Akasaidia pia kuviandikia orodha, kimoja kimoja. Vingalipo katika nyumba hiyo, ambayo sasa yaitwa Victoria and Albert.

Kisha macho yake yakaanza kufifia, hata akawa kipofu. Mikono iliyozoea kupapasa kauri ikashika sindano za kufumia, akawafumia wenye magari ya farasi wa London mitandio ya sufu, kwa ajili ya baridi. Alifariki Januari 1895, mwenye umri wa miaka 82.