Edward Steere: Askofu aliyeyafuata maji hadi Masasi

MKULIMA wa korosho wa Lisekese, katika mji wa Masasi, akitaka kujua mji huo ulianzaje chini ya milima ile ya mawe, itabidi arudi nyuma hadi mwaka 1876. Mwaka huo askofu Mwingereza, Edward Steere, alifika hapo kwa miguu akitokea Lindi, akiwa na msafara wa watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani.

Wasomaji wengi wanamjua Steere kwa vitabu vyake vya Kiswahili. Upande wake mwingine hausemwi sana. Karibu miaka 20 mtu huyu alihangaika na jambo ambalo mabwana shamba na mabwana afya wanalijua vizuri: mtu aliyenyang'anywa kila kitu umweke wapi apate ardhi, maji safi na hewa isiyomuua.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari wa fani hiyo na kuwa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo na kuwa padri. Mwaka 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu William Tozer, kwenda kuiokoa misheni ya UMCA iliyokuwa inakufa katika bonde la mto Shire, Malawi ya leo.

Huko ndiko alikopata elimu yake ya kwanza ya mazingira. Misheni ilikuwa imeanzia Magomero mwaka 1861, na askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa Januari 1862. Wenyeji walikuwa katika hali mbaya zaidi. Ukame mkali uliipiga nchi ile wakati uleule wafanyabiashara wa watumwa walipokuwa wanachoma vijiji, na watu waliokimbia mashamba yao hawakuwa na akiba ya kuwavusha. Njaa ikaua umati. Maiti zilielea mtoni kiasi kwamba meli ya Livingstone ilibidi isafishwe magurudumu yake kila asubuhi. Mto huohuo ndio uliokuwa maji ya kunywa ya waliobaki. Ukame peke yake watu wa Shire walishawahi kuuona. Safari hii ulikutana na vita, mto ukageuka kaburi.

Tozer aliamua kukimbilia juu. Akaihamishia misheni mlima Morambala, karibu na mahali Shire inapokutana na Zambezi, akidhani mwinuko utawaepusha na homa. Walichokikuta ni ukungu na baridi, tena mbali na watu. Mwaka 1864 waliondoka, na mwishoni mwa Agosti wakatia nanga Zanzibar, ambako Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wao wa kwanza, na kwa kiasi fulani ndio walimu wa Kiswahili wa Steere.

Zanzibar ya wakati huo ilikuwa mji wa fedha nyingi na uchafu mwingi. Pembe na karafuu zilipita bandarini, huku ufukwe ukiwa ndilo jalala la mji. Watumwa waliofika wakiwa mahututi waliachwa hapohapo pwani, kwa sababu tajiri hakuona faida ya kumlipia ushuru mtu atakayekufa kesho. Visima vilikuwa vifupi, vimechimbwa katika ardhi ya matumbawe inayopitisha kila kinachomwagwa juu yake. Mwenye nyumba ya mawe alikuwa na nafasi ya kuchagua maji yake. Mtumwa na mchukuzi wa Ng'ambo walikunywa walichokikuta.

Matokeo yalionekana mwaka 1869, kipindupindu kilipoingia kisiwani kutoka bara kwa njia za misafara na kuendelea hadi mwaka 1870. Kiliua maelfu. Dk. James Christie, tabibu aliyekuwa mjini humo, alikiandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1876, akifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na biashara. Steere wakati huo alikuwa Uingereza, ambako mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili. Kazi hiyo imeelezwa mara nyingi na haina haja ya kurudiwa hapa.

Alirudi Zanzibar mwaka 1872. Aprili ya mwaka huo kimbunga kilikipiga kisiwa cha Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, kikazamisha vyombo bandarini na kubomoa majengo, yakiwemo ya misheni. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo imekuwa kisiwa cha karafuu. Mtu wa biashara atauona mara moja upande wa pili wa hesabu hiyo: mwenye shamba aliyepoteza miti alihitaji mikono ya kupanda upya, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Hasara ya upepo ikasukumwa chini, kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na mkarafuu hata mmoja.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Steere akaanza kujenga kanisa kuu Mkunazini, palepale soko lilipokuwa. Mwaka 1874 akawekwa wakfu kuwa askofu, na mzigo mpya ukamwangukia. Manowari za Uingereza zilikuwa zinakamata majahazi na kuwaleta kwake waliookolewa. Baadhi waliwekwa Mbweni, kwenye shamba la misheni nje ya mji, lakini shamba moja lisingetosha. Isitoshe, wengi walikuwa wametekwa maeneo ya Ziwa Nyasa na walitaka kurudi upande wa kwao.

Mwaka 1875 Steere alitembea kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa mfalme Mataka wa Wayao, na kuijua njia. Mwaka uliofuata akaondoka na msafara wake. Nia ilikuwa kufika karibu na Nyasa. Walipofika Masasi, safari ikaishia hapo. Watu walikuwa wamechoka, mvua zilikuwa zinakaribia, na mbele yao kulikuwa na ardhi yenye rutuba na maji, nchi ambayo biashara ya watumwa ilikuwa imeipunguzia sana wakazi.

Uamuzi huo ulikuwa wa kikulima kuliko wa kidini. Kusini mwa nchi hii mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Anayefika Novemba bila shamba lililosafishwa atakaa na njaa mwaka mzima. Steere, aliyekuwa ameliona bonde la Shire, hakuhitaji kufundishwa hilo. Milima ya mawe ya Masasi ilikuwa na faida yake pia: maji ya mvua huteremka kwenye miamba na kukusanyika chini, mahali ambapo mtu anaweza kulima na kuchota bila kusafiri. Watu walianza kufyeka na kujenga. Askofu akamwachia kazi hiyo mmisionari kijana, William Percival Johnson, akarudi Zanzibar.

Kitu kimoja hakikuhesabiwa vizuri. Nchi yenye rutuba, maji na watu wachache mara nyingi ina sababu ya kuwa na watu wachache, na sababu ya Masasi haikuwa imekwisha. Steere alifariki ghafla Zanzibar tarehe 27 Agosti, 1882, akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga. Majuma machache baadaye, Septemba, Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara waliivamia Masasi. Baadhi ya watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Wale waliokombolewa kwenye jahazi wakajikuta tena njiani, mikono imefungwa.

Padri Chauncy Maples aliwachukua walionusurika na kuwapandisha Newala, kwa mfalme Matola, juu ya uwanda wa Makonde. Huko kulikuwa na usalama, maana adui humwona mbali anapopanda. Lakini uwanda huo una tabia yake. Udongo wa kichanga huyameza maji ya mvua mara moja, na maji hayo hutokea chini kabisa, kwenye chemchemi za mabondeni. Aliyehamia juu aliyaacha maji chini. Baadaye Masasi ilifunguliwa tena, ila maelfu ya watu wa Newala, Wamakonde na wengineo, walibaki na hesabu hiyohiyo: usalama kwa bei ya maji.

Bei hiyo ililipwa na wanawake. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alikaa Masasi na Newala, na aliandika jinsi maji yalivyopatikana mbali chini bondeni na kupandishwa mteremko mrefu kichwani. Nyumba yenye ndoo moja kwa siku hupika kwanza. Kunawa na kufua hungoja. Magonjwa ya ngozi, macho na tumbo hufuata, na watoto ndio huumia mwanzo.

Zanzibar ilitatua shida yake mapema zaidi. Katika miaka ya 1880 Barghash alivuta maji ya chemchemi kwa bomba hadi mjini. Uwanda wa Makonde ulisubiri hadi miaka ya 1950, ulipoanzishwa mradi wa kuyasukuma maji kwa pampu kutoka mabondeni kupanda juu. Pampu za kupandisha maji mlima mrefu namna ile hula fedha nyingi kuliko bomba la mteremko, na kila zinaposimama watu wa Newala hurudi kwenye mvua waliyoikinga. Mwenye paa la bati na tangi la saruji ana akiba ya miezi kadhaa. Mwenye paa la nyasi hununua kwa jirani, ndoo baada ya ndoo, na kiangazi kinaporefuka bei ya ndoo hupanda.