Sewa Haji wa Bagamoyo: Alitoa Mali Yake, Akataka Mlango Uwe wa Wote

Ndugu wana-Bagamoyo, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kila mgonjwa wetu anayepewa rufaa ya Muhimbili hukutana na jina la mtu wa nyumbani. Ukifika getini na chupa yako ya uji, ukauliza ndugu yako amelazwa jengo gani, utaambiwa Mwaisela, Kibasila au Sewahaji. Wengi wetu tumelitamka jina hilo la mwisho kwa haraka, tukiwa na wasiwasi wa mgonjwa, bila kujua kwamba mwenye jina alifanya biashara katika mji wetu, na kwamba hospitali ile kubwa kuliko zote nchini mizizi yake ni fedha zilizochumwa Bagamoyo.

Mwaka huu kamati imeona tuanze kijarida chetu cha harambee kwa kumkumbuka Sewa Haji Paroo. Tunamkumbuka kwa sababu ya jambo tunalowaomba mchangie mwaka huu, kama mtakavyoona mbele.

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa Makhoja wa Ismailia wenye asili ya Kachchh, magharibi ya India. Baba yake, Haji Kanji, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka Unguja na pwani ya bara wakati wa utawala wa masultani wa Zanzibar. Kijana Sewa aliingia kwenye biashara ya nyumbani mapema, na Bagamoyo ndipo alipojijengea jina.

Zama hizo Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ilitoka hapa kwenda Tabora na Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Ilikwenda na nguo za merikani, shanga na waya wa shaba, na ilirudi na pembe za ndovu. Kila mpagazi alibeba begani mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi mingi. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa. Tusimsimulie tajiri wa enzi ile kama kwamba mali yake ilitoka mbinguni. Ilitoka kwenye mabega ya watu.

Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuipa misafara kila ilichohitaji. Msafiri aliyetoka Unguja alimkuta yeye ndiye mwenye wapagazi, mwenye nguo, mwenye shanga, na mwenye kukopesha hadi msafara urudi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipofika Bagamoyo akijiandaa kumtafuta Livingstone, alipelekwa kwa kijana huyu aliyekuwa na miaka kama 20. Stanley alipata wapagazi wake na safari ikaanza, lakini katika kitabu chake alimlalamikia sana: kwamba hesabu zake zilikuwa na ujanja, na kwamba kila siku ilizuka gharama mpya. Sisi tunaofanya kazi ya hesabu tunajua malalamiko ya namna hiyo huwa na pande mbili, na upande wa Sewa Haji haukuandikwa kitabuni. Lakini hakuna haja ya kuuficha upande wa Stanley. Mtu tunayemsifu leo alikuwa mfanyabiashara mkali, aliyejua kupata faida mahali ambapo wengine walipata hasara.

Faida hiyo ilimfanya kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani. Wajerumani walipokuja kutawala, wazee wetu walipambana nao katika vita vya Bushiri bin Salim vya 1888 na 1889, na mji ukaumia. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kwa muda mfupi, kisha mwaka 1891 makao yakahamia Dar es Salaam. Sewa Haji alifanya kazi na kila utawala uliokuwepo. Aliwauzia Wajerumani bidhaa na kuwapatia wapagazi, kama alivyowafanyia wasafiri waliotangulia.

Ndipo, katika miaka yake ya mwisho, akaanza kutoa.

Mwaka 1892 aliipa serikali ya Wajerumani nyumba ya ghorofa hapa Bagamoyo ili iwe shule. Zawadi ile ilikuwa na sharti: shule ipokee watoto wote, Waafrika, Wahindi na Waarabu, bila kubaguana kwa rangi. Kwa wakati ule, ambapo kila kabila la watu lilitengewa mahali pake, sharti hilo halikuwa dogo. Shule ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1890, na jengo lake tunalijua sote. Ni Shule ya Msingi Mwambao, ambamo wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlijifunzia irabu.

Kisha alitoa fedha za hospitali. Mji wetu ulipata hospitali kwa mali yake, na Dar es Salaam nako ikajengwa hospitali iliyobeba jina lake. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, Ocean Road. Hospitali ya Sewa Haji ndiyo iliyowapokea Waafrika na Wahindi, na iliendelea kuwahudumia katika utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza. Katika miaka ya 1950 Waingereza walijenga hospitali mpya kuchukua nafasi yake, wakaiita Princess Margaret. Baada ya uhuru hospitali hiyo ikaitwa Muhimbili, na jina la Sewa Haji likabaki kwenye jengo la wodi.

Hakuwasahau pia wagonjwa wa ukoma. Mgonjwa wa ukoma enzi hizo alikuwa mtu wa kukimbiwa hata na ndugu zake. Yeye, Mwislamu wa Ismailia, hakuona tabu kusaidia kazi za mapadre Wakatoliki wa Roho Mtakatifu, waliokuwa na misheni Bagamoyo tangu 1868.

Sewa Haji alifariki Unguja mwezi Februari 1897, akiwa na miaka ipatayo 46. Aliacha wosia kwamba mali zake zisizohamishika ziende serikalini, na mapato yake yatumike kuwahudumia wagonjwa, wakiwemo wa ukoma. Hapa ndipo mimi kama mhasibu humvulia kofia. Kujenga jengo ni gharama ya mara moja, na jengo hupigwa picha. Chakula cha mgonjwa, dawa na mshahara wa mhudumu ni gharama za kila mwezi, na hakuna anayezipiga picha. Sewa Haji alifikiria zote mbili. Alitoa nyumba, kisha akaacha mapato ya kuifanya nyumba iendelee kuwa na kazi.

Wazee hutuambia jina la mji wetu linatokana na mpagazi aliyefika pwani akabwaga mzigo, na moyo wake nao ukatulia. Lakini aliyefika na homa, na kidonda mguuni, mbali na kwao Unyamwezini, yeye angeubwaga wapi ugonjwa wake? Angemwuliza nani? Mahali penye mlango unaojulikana, ambao hata mgeni asiye na ndugu anaweza kuelekezwa, ndipo mji unapoanza kuwa mji. Nadhani hilo ndilo kubwa alilotuachia.

Sasa nieleze kwa nini tumemleta mwaka huu.

Miaka michache iliyopita ndugu yangu mmoja, anayeishi kijijini upande wa bara ya wilaya yetu, alikuwa na mtoto mwenye kifafa. Alinipigia simu, nikatuma fedha. Akauza mbuzi, akaja Dar es Salaam na mtoto mgongoni hadi hospitali moja kubwa, akarudishwa kwa kukosa barua ya rufaa. Akapiga tena, nikatuma tena. Safari hii fedha zikaishia kwa mganga. Mara ya tatu mtoto alianguka motoni akaungua mkono. Ndipo muuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda alipowaambia kwamba dawa ya kifafa wangeipata kliniki ya karibu, na kwamba kama ingehitajika kwenda mbali, safari ilitakiwa kuanzia zahanati, mwendo wa saa mbili kutoka kwao. Mtoto sasa anatumia dawa na anasoma. Mkono wake una kovu.

Mimi niliyetuma fedha mara tatu sikuuliza swali moja tu: mmeshakwenda zahanati? Nina shahada, nakaa mjini, na sikujua la kumwelekeza. Nilidhani kutoa ndiyo kusaidia.

Ndugu zangu, huduma nyumbani zipo, ingawa hazitoshi. Ziko zahanati za vijijini na vituo vya afya, iko Hospitali ya Wilaya, iko hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tumbi, kisha Muhimbili. Sera ya afya inataka wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza watibiwe bila malipo, lakini mzee lazima atambuliwe kwanza kupitia serikali ya kijiji au mtaa wake. Halmashauri ina Afisa Ustawi wa Jamii, na huyo ndiye wa kumwona kwa mtoto aliyetelekezwa, mtu mwenye ulemavu, ndoa yenye mgogoro juu ya matunzo ya watoto, au mgonjwa asiyeweza kulipa. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na aliyejeruhiwa hupewa hapo fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Iko namba 116, ya kupiga bila malipo, kwa ajili ya mtoto anayeteswa. Wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotembelea kaya.

Haya yote yapo, na mama wa Makurunge au Yombo anaweza kuishi miaka kumi bila kuambiwa hata moja. Anazunguka. Anauza kuku, kisha mbuzi, kisha kipande cha shamba, akitafuta mlango ambao huenda uko karibu na kwake.

Kwa hiyo kamati haiwaombi mwaka huu fedha za jengo. Tunaomba fedha za mambo matatu.

La kwanza ni karatasi ya huduma. Itakuwa karatasi moja kubwa, ya Kiswahili chepesi, yenye kuonyesha tatizo, mahali pa kuanzia, cha kubeba mkononi, na huduma ipi ni bure. Itabandikwa kila zahanati, kila shule, kila msikiti na kanisa, na kila ofisi ya mtendaji, katika kila kata yetu. Itahakikiwa na ofisi husika za halmashauri kabla ya kuchapwa, na itachapwa upya kila mwaka, kwa sababu taarifa iliyopitwa na wakati humpoteza mtu kuliko kukosa taarifa.

La pili ni waelekezaji. Tunataka kila kata iwe na watu wawili, mwanamke na mwanamume, wapewe mafunzo na muda wa maongezi wa simu. Kazi yao si kutibu wala kuamua. Kazi yao ni kumsikiliza mtu, kumwambia aanzie wapi, na ikibidi kumsindikiza, maana kuna mlango mtu huuogopa hata akiujua.

La tatu ni mfuko wa nauli ya rufaa, kwa mgonjwa aliyeandikiwa barua akakosa namna ya kufika.

Tunapendekeza pia sehemu ya michango iwekwe akiba, ili kazi isife mwaka ambao harambee itakuwa dhaifu. Huo ni utaratibu wa Sewa Haji wa kuacha nyumba pamoja na mapato yake. Na sharti ni lile lile lake: huduma hii ni ya kila anayeishi kwetu, awe Mzaramo, Mkwere, Mdoe, Mmang'ati aliyekuja na ng'ombe wake, au mgeni aliyehamia juzi. Hakuna atakayeulizwa kama ndugu yake ni mwanachama. Bajeti yote imewekwa mwishoni mwa kijarida, na vitabu vya hesabu viko wazi kwa mwanachama yeyote atakayetaka kuvikagua. Tajiri wetu alilalamikiwa juu ya hesabu. Sisi tusipe watu sababu.

Hatuna mali ya Sewa Haji, na hakuna kati yetu atakayeandikwa jina lake kwenye wodi. Lakini kila mmoja wetu ana simu inayoita kutoka nyumbani. Itakapoita tena, tuma ulichonacho kama kawaida yako. Kabla ya kukata, uliza ameshafika wapi, kisha mwelekeze kwa mtu wa kata yake. Changia ili mtu huyo awepo.

Karibuni sana harambee. Toeni kwa moyo wa nyumbani.