Sir William Hamilton, balozi aliyeusoma mlima wa moto wa Napoli

Kwa muda wa miaka 36, tangu 1764 hadi 1800, Sir William Hamilton aliiwakilisha Uingereza katika Ufalme wa Napoli, kusini mwa nchi ambayo leo huitwa Italia. Watu wengi humkumbuka kwa ajili ya mke wake wa pili, Emma, ambaye mapenzi yake na Admirali Horatio Nelson yalikuwa gumzo la Ulaya nzima. Hata hivyo, mwanadiplomasia huyo aliacha urithi wa namna nyingine. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuichunguza volkano kwa subira, mwaka baada ya mwaka, na kuandika alichokiona kwa macho yake.

Kutoka jeshini hadi ubalozini

Hamilton alizaliwa katika majira ya baridi, mwishoni mwa 1730 au mwanzoni mwa 1731, kwa kutegemea kalenda inayofuatwa. Baba yake, Lord Archibald Hamilton, aliwahi kuwa gavana wa Jamaica. Familia ilikuwa karibu na nyumba ya kifalme, na William alikua pamoja na mwanamfalme ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme George III. Lakini hakuwa mwana wa kwanza, na kwa desturi ya Uingereza ya wakati huo hakuwa na urithi mkubwa wa kutegemea. Mwaka 1747 alijiunga na jeshi.

Mwaka 1758 alimwoa Catherine Barlow, mrithi wa mashamba huko Wales na mpiga kinanda hodari, akaacha jeshi. Mwaka 1761 aliingia Bungeni. Afya ya Catherine ilikuwa dhaifu, na hali ya hewa ya kusini ilidhaniwa kuwa ingemfaa. Nafasi ya ubalozi ilipotokea Napoli, Hamilton aliiomba, akawasili huko Novemba 1764.

Mfalme Ferdinand wa Napoli alikuwa bado kijana wa miaka 13, aliyependa kuwinda kuliko kusoma. Kazi za ubalozi hazikuwa nyingi katika miaka hiyo ya amani, na balozi alipata nafasi ya kuutazama mlima uliosimama mbele ya mji: Vesuvius, ambao mwaka 79 ulikuwa umeifukia miji ya Pompeii na Herculaneum.

Balozi kwenye kreta

Mara tu baada ya kuwasili kwake, Vesuvius ulianza kuamka. Hamilton aliupanda mara nyingi, mara kwa mara akiongozwa na Bartolomeo Pumo, mwenyeji mwenye jicho moja aliyezijua njia zote za mlima. Oktoba 1767 nusura apoteze maisha. Alikuwa mlimani na mwongoza njia wakati ubavu wa mlima ulipopasuka ghafla karibu nao, na lava ikaruka juu kama chemchemi. Wawili hao walikimbia karibu maili tatu bila kusimama, huku ardhi ikitetemeka chini ya miguu yao.

Taarifa zake alizipeleka kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, iliyomfanya kuwa mwanachama mwaka 1766. Mwaka 1770 ilimtunuku nishani yake ya Copley kwa maelezo ya safari yake ya Mlima Etna, kisiwani Sisilia.

Wasomi wengi wa zama zile waliamini kwamba volkano ni moto wa salfa na makaa unaowaka karibu na kilele cha mlima. Hamilton alipinga. Alisema chanzo cha moto kiko chini sana ardhini, na kwamba volkano ndiyo inayoujenga mlima. Alikuwa na ushahidi usiohitaji safari ndefu: Monte Nuovo, kilima kilichoinuka magharibi ya Napoli kwa siku chache tu mwaka 1538. Kwa maoni yake, moto ule uliowaangamiza watu wa Pompeii ndio pia ulioiumba nchi ya Napoli na kuupa udongo wake rutuba.

Mwaka 1776 alichapisha kitabu kikubwa kiitwacho Campi Phlegraei, yaani mashamba ya moto, chenye picha 54 zilizochorwa na msanii Pietro Fabris na kupakwa rangi kwa mkono. Baada ya mlipuko wa Agosti 1779 aliongeza nyongeza, kisha akamgharamia kasisi Antonio Piaggio aangalie mlima kila siku na kuandika hali yake katika daftari. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1783 Hamilton alikwenda Calabria kuchunguza tetemeko lililoua makumi ya maelfu ya watu, na Juni 1794 alishuhudia lava ikiufukia mji wa Torre del Greco hadi baharini.

Vyombo vya kale na swali la umiliki

Shauku yake ya pili ilikuwa vitu vya kale. Mwaka uleule aliowasili, wachimbuaji wa Pompeii waliligundua hekalu la Isis, mungu wa kike wa Misri aliyeabudiwa pia na Warumi. Hamilton alinunua bila kuchoka: vyombo vya udongo vya Kigiriki vilivyotoka makaburini, sanamu za shaba nyeusi, vito na sarafu. Mwaka 1772 Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni 8,400, na mkusanyiko wake wa kwanza, wenye vyombo vya udongo zaidi ya 700 na maelfu ya sarafu, ukanunuliwa kwa ajili ya British Museum. Kitabu cha picha za vyombo hivyo kilienea Ulaya, na mfinyanzi Josiah Wedgwood aliviiga katika kiwanda chake.

Lakini tangu 1755 sheria ya ufalme ilikataza vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali. Vitu hivyo vilivuka bahari chini ya mkono wa mtu aliyekuwa rafiki wa mfalme na mwakilishi wa taifa lenye nguvu. Wapo wanaomshukuru kwa kuviokoa, na wapo wanaouliza vilikuwa vya nani. Swali hilo bado linaulizwa leo katika makumbusho mengi ya Ulaya.

Mlipuko wa kisiasa

Catherine alifariki dunia mwaka 1782. Mwaka 1786 Emma Hart, binti wa mhunzi kutoka Uingereza, aliletwa Napoli kwa mpango wa Charles Greville, mpwa wa Hamilton, ambaye alitaka kuachana naye. Hamilton alimwoa mwaka 1791. Emma alijifunza Kiitalia, akawa msiri wa Malkia Maria Carolina. Mwaka 1798, baada ya kuishinda meli za Ufaransa huko Abukir, Misri, Nelson alikuja Napoli na kupokelewa nyumbani kwao.

Desemba mwaka huo jeshi la Ufaransa lilikaribia. Mfalme na balozi walikimbilia Palermo kwa meli ya Nelson, na Januari 1799 wananchi wenye fikra mpya wakatangaza jamhuri. Haikudumu hata miezi sita. Mwezi Juni watetezi wake waliweka silaha chini kwa mkataba ulioahidi usalama wao, lakini Nelson aliukataa, na Hamilton ndiye aliyekuwa mkalimani wake katika mazungumzo na Kadinali Ruffo, aliyeutia saini mkataba huo. Zaidi ya watu mia moja walinyongwa au kukatwa vichwa, miongoni mwao tabibu na mwanabotania Domenico Cirillo na mwandishi wa gazeti Eleonora Pimentel Fonseca. Mtu aliyeijua nchi ile kwa miaka 35, pamoja na lugha yake na wasomi wake, hakuutumia ujuzi huo kuwatetea. Hilo ni doa ambalo nishani zake haziwezi kulifuta.

Mwisho wa safari

Wakati huohuo bahari ilikuwa imechukua fungu lake. Desemba 1798 meli ya kivita Colossus, iliyobeba sehemu ya mkusanyiko wake wa pili wa vyombo, ilizama karibu na visiwa vya Scilly. Vilivyosalia aliviuza mwaka 1801, kwa kuwa alirudi Uingereza akiwa na madeni. Mnamo 1974 wapiga mbizi waliyagundua mabaki ya meli hiyo, na maelfu ya vigae yakapelekwa British Museum.

Sir William Hamilton aliaga dunia jijini London tarehe 6 Aprili 1803, Emma na Nelson wakiwa kando ya kitanda chake. Alizikwa Wales, karibu na Catherine.

Mwaka 1841 kituo cha uchunguzi wa volkano kilianzishwa kwenye Vesuvius, cha kwanza cha aina yake duniani. Mlima umetulia tangu 1944, lakini mamia ya maelfu ya watu wanaishi chini yake, na hali yake huandikwa kila siku, usiku na mchana. Vyombo vya kisasa vimechukua nafasi ya daftari la Padri Piaggio, ila kazi ni ileile: kuutazama mlima hata pale unapoonekana umelala.