Mtakatifu Yoane Bosco, Padri Aliyewauliza Watoto

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, padri mmoja kijana alikuwa akivaa mavazi ya Misa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mjini Torino, nchi ya Italia. Pembeni alisimama kijana mwenye nguo zilizochakaa, akitazama tu. Mtunza sakristia alipomwona akamwamuru atumikie Misa. Kijana akajibu kwamba hajui. Basi yule mtunza akakasirika, akashika ufito wa kupangusia mavumbi, akampiga mabegani, akamfukuza nje. Padri alipoyaona hayo akapaaza sauti kumkataza, akasema kwamba huyo aliyepigwa ni rafiki yake, naye aitwe upesi. Kijana akarudi akitetemeka, kwa maana alidhani ameitwa apigwe tena.

Misa ilipokwisha, padri akaketi naye. Hakuanza kwa kumfundisha, wala kwa kumkemea. Alianza kwa kumwuliza. Akamwuliza jina, akajibu kwamba ndiye Bartolomeo Garelli, mtu wa Asti. Akamwuliza habari za baba, akajibu amekufa. Za mama, naye amekufa. Umri wake ni miaka 16. Kusoma hajui, kuandika hajui, kuimba hajui. Je, kupiga mluzi? Hapo kijana akacheka, na hofu ikamtoka. Ndipo padri akamwuliza lile alilotaka kulijua: je, huenda kwenye mafundisho ya dini? Akajibu kwamba hathubutu. Kwa nini? Kwa sababu wenzake walio wadogo kuliko yeye wanajua majibu yote, naye aliye mkubwa hajui hata moja. Aona haya kuketi kati yao.

Wapenzi wakatekumeni, litazameni vizuri jibu hilo. Mtu asiyeuliza angalisema kwamba kijana huyo ni mvivu, au kwamba moyo wake ni mgumu, hampendi Mungu. Kumbe alitaka kujifunza, ila aibu ilimfunga mlangoni. Nadhani katika kila kijiji yuko mtu wa namna hiyo, kijana au mzee, ambaye husimama nje ya darasa la katekista na kujifanya apita njia tu.

Padri akamwuliza tena kama angekubali kufundishwa peke yake, mbali na wadogo. Akakubali. Na lini? Wakati wowote. Hata sasa? Hata sasa. Padri akapiga magoti, akasali Salamu Maria, kisha wakaanza na ishara ya Msalaba, kwa maana hata hiyo kijana alikuwa hawezi kuifanya sawasawa. Jumapili iliyofuata Bartolomeo akarudi, wala hakuja peke yake.

Padri huyo ndiye Yoane Bosco. Jina lake si geni kwetu. Wamisionari wa shirika lake waliingia Katanga mwaka 1911, katika mji ulioitwa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, nao wakafungua shule na karakana kwa ajili ya vijana.

Yeye mwenyewe alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, kwa wakulima maskini. Baba yake, Francesco, alikufa mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma, lakini alijua kusali na kulima, akawalea watoto watatu: Antonio, mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu, na Giuseppe, na Yoane. Antonio hakupenda Yoane asome. Alisema jembe latosha. Ugomvi ukazidi, hata mama akalazimika kumtuma mtoto wake mbali akawe mtumishi katika shamba la watu wengine. Alikaa huko karibu miaka miwili, akichunga ng'ombe na kitabu mkononi.

Yako mambo mawili ya utoto wake ambayo hakuyasahau maisha yake yote. La kwanza ni ndoto. Alipokuwa na miaka yapata tisa aliona katika usingizi kundi kubwa la watoto wakicheza, na wengine wakitukana jina la Mungu. Akawarukia kwa ngumi awanyamazishe. Mara akatokea Mtu mwenye utukufu, akamwonya kwamba hatawapata kwa mapigo, bali kwa upole na mapendo.

La pili halikuwa ndoto. Mara kwa mara alikutana njiani na mapadri wa parokia, akawaamkia kwa heshima. Nao wakamwitikia kwa adabu, wakapita zao. Hata mmoja hakusimama kumwuliza habari. Mtoto akaenda kwa mama yake akilia, akasema kwamba yeye, akipata kuwa padri, hatafanya hivyo. Atawakaribia watoto na kusema nao. Mama akamjibu kwamba mapadri wana kazi nyingi. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikumtuliza. Naona shirika lake zima lilichipuka katika manung'uniko hayo ya mtoto mmoja wa shamba.

Alisoma kwa shida nyingi huko Chieri, akishona nguo na kutumika katika nyumba za watu ili apate chakula, akapewa upadri tarehe 5 Juni 1841. Huko Torino padri Giuseppe Cafasso alimchukua kuwatazama wafungwa. Akakuta humo vijana wa miaka 12 hata 18, wenye afya na akili, wakikaa bure, wakiliwa na chawa, wakikosa mkate. Akasema nao. Akatambua kwamba wengi walikuwa wamefungwa, wakafunguliwa, wakafungwa tena, kwa maana walipotoka hawakumkuta mtu wa kuwapokea. Akaanza kufikiri: vijana hao wangalikuwaje kama wangalikuwa na rafiki huko nje?

Hivyo akawakusanya kila Jumapili wale waliokuja mjini kutafuta kazi: wabeba chokaa wa waashi, wafagiaji wa mabomba ya moshi, yatima wasio na kwao. Waliungama, wakasikia Misa, wakajifunza katekisimu, kisha wakacheza kwa kelele nyingi. Kelele hizo ziliwachukiza majirani, wakafukuzwa mahali hapa na mahali pale, mara viwandani pa kusagia nafaka, mara katika uwanja mtupu. Mwishowe, siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, wakapata banda moja huko Valdocco, wakalifanya kikanisa chao. Mwezi wa Julai mwaka huohuo padri akaugua sana kwa uchovu, hata akapakwa mafuta matakatifu. Vijana wakasali usiku na mchana, wengine wakafunga chakula huku wakibeba matofali kutwa nzima. Akapona. Tangu hapo alisema kwamba maisha yake ni mali yao. Mwezi wa Novemba mama Margherita akaja kukaa naye, akawapikia na kuwashonea vijana mpaka kufa kwake mwaka 1856.

Sasa nitasimulia habari ya kazi zao. Siku za juma Don Bosco alizunguka mahali walipofanya kazi, akawauliza vijana na mabwana zao jinsi mambo yalivyo. Akasikia kwamba huyu apigwa, huyu hapumziki Jumapili, na yule aliyekuja kujifunza useremala ametumwa kazi za jikoni. Hakuridhika na kuwahurumia. Akaandika hati za mapatano. Mbili za miaka ya 1851 na 1852 zimehifadhiwa. Bwana aliahidi kumfundisha kijana kazi yake hasa, asimtumie kwa kazi nyingine, amrudi kwa maneno wala si kwa mapigo, na amwache huru siku za sikukuu. Kijana naye aliahidi utii na bidii. Kisha wote wakatia sahihi: bwana, na Don Bosco, na kijana mwenyewe. Siku zile nani aliyefikiri kumpa mwanafunzi wa kazi kalamu, atie jina lake katika karatasi yenye kuamua maisha yake?

Mambo ya namna hiyo aliyafanya nyumbani mwake pia. Ilipokaribia sikukuu ya somo wake, tarehe 24 Juni, aliwaambia vijana kwamba kila mmoja aandike katika kikaratasi zawadi anayoitaka, naye atampa kwa kadiri awezavyo. Waweza kufikiri jinsi walivyofurahi! Wengine waliandika mambo ya kuchekesha. Lakini alizisoma zote, moja moja. Katika kimoja alikuta maneno machache tu: mwandishi aliomba asaidiwe kuokoa roho yake na kuwa mtakatifu. Alikuwa Domenico Savio, mtoto wa fundi wa chuma, aliyefika Valdocco mwaka 1854.

Msidhani kwamba kusikiliza ni kukubali kila kitu. Domenico alitaka utakatifu kwa kufunga chakula, na kwa kulala penye mawe na vipande vya miti, na wakati wa baridi kali alijifunika shuka nyembamba. Don Bosco alipopata habari akamkatalia kabisa. Mtoto akajitetea, akasema kwamba bila kitubio hakuna kuingia mbinguni. Padri hakumcheka wala hakumnyamazisha. Alimweleza kwamba kitubio chake kiwe utii, na kuvumilia joto na baridi na uchovu Mungu anapovileta. Tena alimwagiza awe na furaha, atimize kazi yake, acheze na wenziwe. Domenico akakubali, kwa sababu alikuwa amesikilizwa kwanza.

Tena mtoto huyo akaja na shauri lake mwenyewe. Yeye na rafiki zake walitaka kuunda chama cha Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, ili wawasaidie wageni na wakaidi wa nyumba ile. Kanuni zake waliziandika wao wenyewe, vifungu 21. Don Bosco akazisoma, akaongeza masharti machache, akaziruhusu. Hiyo ilikuwa mwezi wa Juni 1856. Domenico alikufa tarehe 9 Machi 1857, kabla hajatimiza miaka 15, na mwaka 1954 Papa Pio XII alimtangaza kuwa mtakatifu.

Wengi waliojifunza chini ya padri huyo ndio waliokuwa nguzo za shirika lake. Mwezi wa Desemba 1859 aliwaambia kwamba ataka kuunda shirika la watawa, akawapa muda wa kufikiri, asilazimishwe mtu. Giovanni Cagliero, mwenye miaka 21, alitembea huku na huku akishindana na moyo wake, maana hakupenda kuitwa mtawa. Mwisho akakata shauri abaki. Tarehe 18 wakakutana watu 18, karibu wote vijana, wakachagua viongozi wao kwa kura. Michele Rua, mwenye miaka 22, akapata ulezi wa kiroho. Huyo Cagliero ndiye aliyewaongoza wamisionari wa kwanza kwenda Argentina mwaka 1875, na baadaye akawa kardinali.

Mwezi wa Mei 1884 Don Bosco alikuwa Roma, mzee wa miaka 68, mgonjwa, baba wa nyumba nyingi. Usiku akaota. Wakamjia vijana wawili wa zamani wa Valdocco. Wa kwanza akamwonyesha uwanja wa siku zile: watoto wanakimbia, wanaimba, na mapadri wamo kati yao. Wa pili akamwonyesha uwanja wa sasa. Akaona vijana wameegemea kuta, nyuso zimechoka, wengine wananong'ona pembeni, na katika sala ni baridi. Mzee akauliza sababu. Wakamwambia kwamba walezi husimama wakiongea wao kwa wao, wala hawachangamani tena na vijana. Akajitetea kwamba watu wake hujichosha kwa ajili yao. Wakamjibu kwamba haitoshi vijana wapendwe. Lazima wao wenyewe watambue kwamba wapendwa, nao wapendwe katika yale wayapendayo, ndipo watakapojifunza kuyapenda na yale wasiyoyapenda kwa tabia yao.

Angaliweza kuinyamazia ndoto hiyo. Ni aibu kwa mzee kuonywa na wale aliowalea. Yeye aliiandikisha yote katika barua ya tarehe 10 Mei, akaituma Torino.

Aliishi miaka mitatu na miezi michache tena. Katika siku zake za mwisho, akiwa kitandani huko Valdocco, aliagiza vijana waambiwe kwamba anawangoja wote mbinguni. Akafariki alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888.